Kulifufua Tela la Jeshi kwa Safari za Porini: Anza Chini, Upande Juu

Kabla hujatoa hata shilingi moja, lala chali chini ya tela ukiwa na tochi, nyundo ndogo na bisibisi kuukuu. Gonga chesi kuanzia mkono wa kuvutia hadi nyuma. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa na kutu hutoa sauti butu, kama debe lililojaa mchanga. Pale sauti inapobadilika, sukuma bisibisi. Ikizama, umeshaona kilichokuwa kimefichwa na rangi mpya ya kijani.

Naanza na hilo kwa sababu wengi wanaotaka tela la kambi huanzia juu: hema la kukunjua, jiko la kuvuta kama droo, taa za sola. Vyote ni vizuri. Lakini tela likichomoka kwenye mteremko, halichagui linayemgonga, na mara nyingi anayeumia ni mtu wa bodaboda aliyekuwa akijiendea zake. Fedha ya kwanza iende kwenye vitu vinavyogusa barabara na vinavyolishika gari: ekseli, beringi, matairi, springi, breki na kiungo cha kuvutia. Itakayobaki ndiyo ya starehe.

Lijue ukoo wake

Mwaka 1940, kampuni ya American Bantam ya mji wa Butler, jimbo la Pennsylvania, ndiyo iliyolipelekea jeshi la Marekani gari la kwanza la mfano la jeep. Zabuni kubwa za kuyaunda magari hayo zikaenda kwa Willys na Ford, na Bantam ikageukia matela ya kuvutwa na jeep. Bodi ya tela hilo ilichomelewa ikawa beseni lisilopitisha maji ili tela liweze kuelea wakati wa kuvuka mto. Vyaelea vimeundwa, na hili liliundwa hasa kwa kazi hiyo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia likafuata M100, kisha M416, ambalo hadi leo ndilo linalotafutwa sana na Wamarekani wapenda safari za porini. M416 lilikadiriwa kubeba pauni 500 nje ya barabara nzuri, yaani kilo 227 hivi, na lenyewe likiwa tupu halifiki kilo 300.

Umbo hilo ndilo linaloeleza kutu yake. Beseni linalozuia maji kuingia huyazuia pia kutoka. Tela likiachwa uwanjani miaka kumi bila turubai, mvua hutuama ndani, majani huozea humo, na sakafu huliwa kuanzia juu. Yapo matundu ya kutolea maji sakafuni, yenye vizibo, na mara nyingi vizibo hivyo vimeganda. Ukilipata tela ambalo vizibo vyake bado vinafunguka kwa mkono, mwenye nalo alikuwa mtu wa kutunza.

Upande wa Uingereza jina linalotajwa zaidi ni Sankey, ingawa viwanda vingine pia viliunda matela ya namna hiyo hiyo. Ni tela la robo tatu ya tani, karibu kilo 750 za mzigo, lililovutwa na Land Rover. Yako yenye nafasi finyu kati ya magurudumu, yaliyolingana na Land Rover za zamani, na mapana zaidi yaliyokuja baadaye. Mwafrika Mashariki atalielewa Sankey haraka kuliko M416, kwa sababu Land Rover tunaijua. Mafundi wake wapo, vipuri vyake vipo, na mwaka 2024 wenye magari hayo walikusanyika Arusha kwa mamia katika tamasha lao. Matairi ya 7.50-16 bado yanauzwa madukani kwetu, kwa kuwa Land Cruiser za kazi na malori madogo huyavaa.

Hapo kuna jambo la kuamua mapema: gurudumu la akiba. Msafiri mwenye busara hutaka tela na gari vitumie gurudumu moja, ili akiba mbili ziwe akiba za wote. Land Rover za zamani, Defender ya zamani ikiwemo, zina nati tano kwenye duara la milimita 165.1. Hilux ina sita kwenye duara la milimita 139.7. Land Cruiser za jamii ya 70, tangu 1999, zina tano kwenye duara la milimita 150. Nati tano za huku si nati tano za kule. Pima, usikisie. Kubadilisha habu kunawezekana, lakini iwe kazi ya fundi mwenye mashine ya kukereza, isiwe ya kutoboa matundu mapya kwa drili uani.

Karatasi zake

Mali ya jeshi iliyouzwa kihalali huwa na hati ya mauzo. Idai, na ulinganishe namba iliyomo na ile iliyogongwa kwenye kibati cha tela. Kenya, matela husajiliwa kwa namba zinazoanza na herufi Z, na ukaguzi uko chini ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Tanzania usajili ni wa TRA, mamlaka ya mapato. Nenda ukaulize kabla ya kununua, hasa kama tela linatoka nje ya nchi, maana tela lisilosajilika ni chuma chakavu cha bei ghali. Na rangi ya jeshi, iwe ya kijani tupu au ya mabaka, iondoe. Rangi ya mchanga au kijivu hutunza ubaridi zaidi juani na hakuna askari atakayekuuliza wewe ni wa kikosi gani.

Rangi ya zamani inaua polepole

Hapa naomba msomaji atulie. Rangi nyingi za zamani za magari ya kijeshi zina risasi, ile madini, si ya bunduki. Ukizipiga msasa mkavu, vumbi lake huingia mapafuni na kukaa kwenye nguo utakazokwenda nazo nyumbani kwa watoto. Lowanisha unapopiga msasa, vaa kinyago chenye kichujio, tandika nailoni chini na ukusanye mabaki. Rangi ya jeshi la Marekani inayoitwa CARC ina kemikali za isosianati, na ikichomwa na moto wa kuchomelea, moshi wake hudhuru mapafu. Kwa hiyo ondoa rangi hadi chuma cheupe kionekane, sentimita kadhaa kila upande, ndipo uwashe mashine ya kuchomelea.

Breki nazo zina sumu yao. Viatu vya breki vya miaka hiyo vilitengenezwa kwa asbesto, na Uingereza yenyewe ilikamilisha marufuku ya asbesto mwaka 1999 tu. Ukifungua dramu usipulize vumbi kwa kompresa, kama tunavyoona kwenye gereji zetu kila siku. Nyunyiza maji ya sabuni, futa kwa kitambaa, kitambaa kitupwe ndani ya mfuko uliofungwa. Tena, usisafishe chuma kwa dawa ya breki yenye klorini kisha ukachomelea hapo hapo: joto huigeuza dawa hiyo kuwa gesi ya fosjini, na kiasi kidogo tu cha gesi hiyo kinaweza kumuua fundi.

Kutu ikishaondolewa, paka rangi ya chini yenye zinki, na ndani ya vyuma vya mraba vya chesi mimina nta au mafuta mazito ya kuzuia kutu. Chuma cha chesi huoza kutoka ndani, mahali brashi haifiki. Ukiweka kiraka, kata sehemu mbovu yote kwanza. Kiraka kilichochomelewa juu ya kutu hakishiki kitu.

Magurudumu

Tazama kwanza kama rimu ni ya kipande kimoja au ni vipande viwili vilivyofungwa kwa nati. Jeshi lilipenda rimu za vipande viwili kwa sababu askari aliweza kubadilisha tairi porini bila mashine. Zina duara la ziada la nati karibu na ukingo. Ukifungua nati hizo tairi likiwa na upepo, rimu hulipuka kwa nguvu ya kuvunja fuvu. Toa sindano ya valvu, upepo wote utoke, uhakikishe tairi limelegea kabisa, kisha ndipo ushike spana. Kama huzihitaji, zibadilishe kwa rimu za kawaida uishi bila wasiwasi.

Tairi lenye meno mazuri linaweza kuwa limekufa. Soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni: 2314 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi lisilo na tarehe hiyo, au lenye nyufa kama za udongo wa mbugani wakati wa kiangazi, lisitoke nje ya uwanja wako.

Beringi hazina mjadala: zibadilishe zote pamoja na sili zake, hata kama zinaonekana nzima, maana hujui zimekaa na maji miaka mingapi. Pakia girisi kwa kiganja hadi itokee upande wa pili wa vigololi. Kaza nati ya ekseli huku ukizungusha habu, kisha ilegeze kidogo hadi habu izunguke kwa wepesi bila kucheza, na uweke pini mpya. Pini ya zamani isirudi. Porini, kumbuka kwamba habu iliyopata joto ikizama ghafla kwenye maji baridi, hewa ya ndani hujikunyata na kuyavuta maji kupitia sili. Simama kando ya mto dakika kumi na tano kabla ya kuvuka.

Nina jambo la kueleza hapa. Tela la kwanza nililoshiriki kulifufua lilikuwa Sankey, na tulijivunia rangi yake. Kwenye barabara ya vumbi ya kuelekea Loiyangalani, ile ya mawimbi yanayotikisa hadi meno, mwenzangu alishuka kufunga turubai akakuta nati tatu kati ya tano za gurudumu la kushoto zimelegea. Chanzo kilikuwa ile rangi yenyewe. Tulikuwa tumeipaka nene hadi kwenye vikalio vya nati. Mtikisiko ukaisaga, na nafasi ikabaki. Tangu siku hiyo vikalio vya nati vinabaki chuma kitupu, na nati hukazwa tena baada ya kilomita 80 hadi 100 za kwanza.

Springi na breki

Tela la robo tatu ya tani lina springi za mzigo wa robo tatu ya tani. Ukilipakia kilo 250 litaruka kama mbuzi, litavunja mayai, litachosha chesi. Wapo wanaopunguza majani ya springi, na kweli tela hulainika. Ila ujue kwamba umepunguza uwezo wake, na uandike kikomo kipya mahali utakapokiona. Mimi napendelea kuanza na upepo wa matairi: punguza porini, ujaze tena ukifika lami. Boliti za kushikia springi, zile zenye umbo la U, ziwe mpya. Zikishavutika hazirudi.

M416 lina breki ya mkono tu, ya kuegesha. Sankey lina breki za msukumo: gari likipunguza mwendo, tela linalisukuma, mhimili wa mbele unaingia ndani na kuvuta breki. Ni ubunifu mzuri usiotaka umeme. Udhaifu wake ni wakati wa kurudi nyuma, kwa sababu hapo pia mhimili husukumwa na breki kukamata. Matela ya zamani yana kipini cha kuufunga mhimili huo. Ukikifunga ili urudi nyuma kisha ukasahau kukifungua, umeingia barabarani bila breki.

Uingereza, tela lolote ambalo uzito wake wa juu kabisa, pamoja na mzigo, unazidi kilo 750 lazima liwe na breki. Hata pale ambapo hakuna anayekukagua, kipimo hicho kina mantiki. Teremka Sekenke au bonde la Kedong na tani nzima ikikusukuma mgongoni, utaelewa bila kuhutubiwa. Funga pia waya wa dharura unaovuta breki tela likichomoka, na minyororo miwili iliyopishana chini ya kiungo, ili mkono wa tela ukianguka ulale juu ya minyororo usichimbe lami. Na unapoliegesha, fanya kama utingo wa lori: weka gogo nyuma ya gurudumu kabla hujafungua chochote.

Kiungo cha kuvutia

Jeshi lilitumia pete nene ya chuma yenye tundu la milimita 76, inayoingia kwenye ndoano ya gari. Wengi huing'oa na kuweka kikombe cha mpira wa milimita 50 kama cha matela ya kawaida. Kwa lami na murramu nzuri, sawa. Kwa makorongo, sishauri. Kikombe kina kikomo cha pembe; gari likiwa limeinamia kushoto na tela kulia, kitu kimoja lazima kivunjike. Pete na ndoano hupishana kwa pembe kubwa, na hiyo ndiyo sababu majeshi yamebaki nayo. Ubaya wake ni kelele na kugongana, hivyo kagua ulaji wa pete kila msimu. Ndoano iwe kwenye urefu unaofanya tela lisimame sawa na ardhi. Kuning'inia au kuinama kote kunaharibu mgawanyo wa uzito.

Taa

Magari mengi ya kijeshi yana umeme wa volti 24 na soketi kubwa ya NATO yenye pini 12. Gari lako lina volti 12, na balbu ya volti 24 itawaka hafifu kama mshumaa. Ng'oa waya zote za zamani bila huruma, weka mpya na soketi ya pini saba. Taa za LED zinazokubali volti 10 hadi 30 ndizo za kutafuta. Usitegemee kiungo cha kuvutia kurudisha ethi. Girisi na vumbi hukata mkondo na indiketa zitacheza ngoma yake. Vuta waya wa ethi peke yake kutoka gari hadi kila taa. Ukikuta kitaa kidogo chini kinachomulika kibati cheupe, kiache kama kumbukumbu: ni taa ya msafara, iliyowawezesha madereva wa jeshi kufuatana usiku bila kuonekana na ndege.

Mzigo

Chukua karatasi. Maji lita 80 ni kilo 80. Hema la juu kilo 60. Friji na chakula 40. Betri ya asidi ya Ah 100 karibu kilo 27. Madumu mawili ya chuma ya dizeli, lita 20 kila moja, kama kilo 42. Jumla 249. Umeshapita kikomo cha M416 kabla hujaweka viti, jiko wala nguo. Ndiyo maana nasema uzito uandikwe kabla ya kununua starehe yoyote. Betri ya lithiamu yenye uwezo uleule ni chini ya nusu ya uzito huo. Kama una fedha ya kutumia, itumie hapo.

Tangi la maji likae juu ya ekseli au mbele yake kidogo, chini iwezekanavyo, na liwe na vizuizi ndani ili maji yasisukumane. Mbele pabaki na uzito wa kutosha: Waingereza hushauri asilimia 5 hadi 7 ya uzito wote ikalie kiungo, Waaustralia husema karibu 10. Kwa tela la kilo 900, hiyo ni kati ya kilo 45 na 90, mradi usivuke kikomo cha ndoano ya gari lako. Pima kwa mizani ya kupimia watu, ukiweka kipande cha ubao kati yake na mkono wa tela. Mzigo ukizidi nyuma, tela huanza kuyumba kwa mwendo. Likiyumba usikanyage breki ghafla wala usiongeze mafuta: toa mguu, shika usukani sawa, liache litulie.

Mtungi wa gesi ukae nje, wima, umefungwa. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, nayo katika tela lenye umbo la beseni hujaa chini kama maji na kungoja cheche. Sanduku lolote la mtungi liwe na matundu sakafuni. Na kwenye betri, fyuzi iwekwe karibu kabisa na betri yenyewe, si upande wa pili wa waya.

Turubai la pamba, kama umelipata zima, lilinde kuliko hema lolote la dukani. Likiwa jipya, lilowanishe na ulikaushe mara mbili tatu kabla ya safari: nyuzi huvimba na kuziba matundu ya sindano. Vumbi ndilo adui mwingine. Mwendo wa gari hulivuta kutoka nyuma, kwa hiyo mpira wa kuzibia uanze kwenye mlango wa nyuma.

Safari ya kwanza isiwe ya Turkana wala Ruaha. Pakia kila kitu kama unaondoka kweli, lipitishe tela kwenye mizani ya kinu au ya wanunuzi wa chuma chakavu, kisha uende kilomita 50 na kurudi, nusu yake iwe murramu, usivuke kilomita 80 kwa saa. Ukisimama kwa chai, lizunguke tela kwanza. Gusa habu zote mbili kwa mgongo wa kiganja. Uvuguvugu ni kawaida. Ikiwa ya moto kiasi cha kukurudisha mkono, beringi imekazwa mno au breki inakamata, na safari iishie hapo hadi uifungue. Tazama nati, pini ya ndoano na minyororo. Ndipo uagize chai.